Maji Yasiyo na Chumvi: Safari Yangu ya Bagamoyo hadi Tabora

Sababu ya safari hii ilikuwa mwaliko. Walimu wa sayansi wa sekondari za Uyui, mkoani Tabora, walikuwa na semina ya siku moja pale Isikizya, na mmoja wao, Mwalimu Deogratias, alikuwa ameiona programu yangu kwenye simu ya mwenzake, akataka niende kuwaonyesha. Aliniandikia barua ya heshima, akamalizia kwa kusema kwamba wanafunzi wake wengi hawajawahi kuiona bahari, lakini hiyo isiwe sababu ya wao kutoijua. Sentensi hiyo ndiyo iliyonitoa nyumbani.

Programu yenyewe inaitwa Majichumvi. Kazi yangu ni kupima bahari. Tunatoka na boti, tunashusha chombo hadi chini, nacho kinatuletea joto na kiasi cha chumvi kwa kila kina. Lakini hayo mawili hayatoshi. Mtu anataka kujua mita moja ya ujazo ya maji hayo ina uzito gani, inabeba joto kiasi gani, sauti inapita ndani yake kwa mwendo gani, na ingeganda ikifika nyuzi ngapi. Mambo hayo hukokotolewa kwa kanuni ndefu zenye makumi ya namba za kuzidishia. Kompyuta ya ofisini ilikuwa na programu kubwa ya kazi hiyo. Mimi, miaka mitatu iliyopita, niliandika ndogo, kwa Kiswahili, inayokaa kwenye simu na kufanya kazi bila mtandao, ili tusisubiri kurudi nchi kavu ndipo tujue tumepata nini. Wenzangu waliipenda. Baada ya muda hata ile kubwa tukaacha kuiwasha, na mimi, sitaficha, nikaanza kutembea kifua mbele.

Wiki moja kabla ya kuondoka nilipokea ujumbe kutoka Tabora, kwa namba niliyoiweka ndani ya programu. Ilikuwa picha ya karatasi ya mistari iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, mwandiko wa kupendeza, safu nne: joto, jedwali langu, programu yako, tofauti. Chini yake: "Chumvi nimeweka sifuri, kwa kuwa huku hatuna. Programu yako inakosea. Tafadhali itazame. Fundi M. Sudi, mizani, Tabora mjini."

Niliisoma nikiwa nimesimama, na nikaijibu nikiwa bado nimesimama. Nilimwandikia: "Mzee wangu, shikamoo. Programu hii ni ya bahari, maji matamu si kazi yake. Isitoshe, nadhani jedwali lako ni la zamani. Zamani lita ilihesabiwa kwa namna nyingine, ndiyo maana namba hazilingani." Kuhusu lita nilisema kweli, jambo hilo lipo. Nikajiona nimemjibu kwa elimu, nikafunga mkoba.

Jumanne alfajiri niliondoka Bagamoyo. Mkuu wetu wa kazi, Daktari Haji, mtu wa maneno machache anayeogopwa hata na nahodha wa boti, alikuwa ameniaga jana yake kwa kuniambia jambo moja tu: majedwali yetu ya miaka mitatu yangekwenda kupigwa chapa mwisho wa mwezi, kwa hiyo nisichelewe kurudi. Majedwali hayo yote yalikuwa yamepitia Majichumvi.

Msata, Chalinze, Morogoro. Nilikuwa nimekaa dirishani, na milima ya Uluguru ilikuwa imevaa mawingu mpaka kiunoni. Wapagazi walitembea njia hii kwa miezi, kutoka Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo, hadi pwani, mizigo kichwani, na watu wa kwetu Bagamoyo bado wanahesabu koo zao kwa waliobaki na waliorudi. Mimi nilikuwa naipita kwa siku mbili, nikinywa soda.

Saa kumi jioni tulifika Dodoma. Nilikuwa nimepanga kulala hapo kwa shoga yangu tuliyesoma naye, na ni pale stendi, nikimsubiri, simu ilipolia. Fundi Sudi alikuwa amenijibu.

"Marahaba. Jedwali si la zamani, limechapwa juzi juzi tu. Na hata kama lingekuwa la zamani, tofauti ya lita ingekuwa ileile kwa kila joto. Hii ya kwako inakua. Na jambo la pili: bahari nayo ni maji kwanza, chumvi baadaye."

Nilikaa juu ya mkoba wangu. Sentensi ya mwisho ilinigonga mahali pabaya, kwa kuwa ndivyo kanuni yenyewe inavyoanza. Kwanza unakokotoa uzito wa maji matupu kwa joto lile, ndipo unaongeza sehemu ya chumvi, ndipo sehemu ya kina. Maji matupu yakikosewa, kila kinachojengwa juu yake kimekosewa. Nilifungua tena ile picha ya karatasi, na safari hii niliisoma. Kwa nyuzi sifuri hakukuwa na tofauti yoyote. Kwa nyuzi kumi, jedwali lilisema 999.702, programu 999.720. Kwa ishirini, 998.206 na 998.242. Kwa thelathini, 995.651 na 995.705.

Shoga yangu alinikuta nimekodoa macho. "Umeibiwa?" akauliza.

"Bado sijui," nikamwambia.

Kwake nilitoa daftari langu, lile nililonakilia namba zote za kanuni miaka mitatu nyuma kutoka kitabu cha kuazima. Nililinganisha daftari na programu, namba kwa namba, mara mbili. Zililingana zote. Nikajiambia kwamba fundi huyo hana kipima-joto kizuri, kisha nikakumbuka kwamba hakupima chochote. Alilinganisha tu namba zilizochapwa na namba zangu. Nilimtumia ujumbe mmoja mfupi: "Kesho nitakuwa Tabora. Nije wapi?" Akajibu, "Nyuma ya soko kuu, uliza mizani."

Jumatano tulipita Manyoni mapema, kisha Itigi, na baada ya hapo miti ikatumeza. Wazee wa misafara waliiita sehemu hii Mgunda Mkali, nchi ya kiu na njaa ambayo mtu aliiingia akiwa ameshaaga. Leo ni lami nyeusi iliyonyooka kama rula, na miombo pande zote mbili, na mara moja moja mzinga wa gome umefungwa juu ya tawi. Jirani yangu kwenye kiti, mama mmoja aliyekuwa akirudi Sikonge, alinigawia michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, iliyochemshwa na karanga, akaniuliza ninakwenda kwa nani. Nilimwambia nakwenda kufundisha walimu. Nilipolisema neno hilo kwa sauti, nilisikia jinsi lilivyokuwa kubwa.

Saa nane mchana niliingia Tabora. Mji huu una adabu ya mji mkongwe: mitaa mipana, watu hawapigi kelele bure, na Kiswahili chao ni cha kunyooka kiasi kwamba mimi mtu wa pwani nilianza kuchunga ulimi. Niliacha mkoba nyumba ya wageni nikaenda nyuma ya soko kuu. Kibanda nilikiona kabla ya kuuliza. Mizani ilikuwa imening'inia toka darini mpaka mlangoni, ya saa, ya visahani, ya kulabu, na ndani mwanamke wa miaka hamsini na kidogo, kanga kiunoni, miwani imeshuka puani, alikuwa akisugua jiwe la kilo moja kwa kitambaa.

"Shikamoo, mama. Namtafuta mzee Sudi."

"Marahaba. Mzee Sudi tulimzika, mwaka wa saba huu. Unamtaka wa nini?"

"Yule fundi aliyeniandikia... mambo ya programu."

Aliweka jiwe chini. "Aliyekuandikia ni mimi. Mwamvita binti Sudi. Wewe ndiye Rehema wa bahari?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi ambaye kila nikipanda boti naulizwa kama nimekuja kupika, nilikuwa nimemwita mwanamke mwenzangu "mzee wangu" kwa sababu tu ameandika fundi mbele ya jina. Nilimwomba radhi. Alicheka, kicheko cha kifua, akasukuma kigoda kwa mguu.

"Kaa, mdogo wangu. Wewe umenipa ndevu tu. Wengine hunipa na mke."

Aliniletea kahawa chungu na kashata, kisha akanieleza kazi yake. Mizani ni nusu tu. Nusu nyingine ni vyombo vya ujazo: makopo, ndoo, vipimo vya mafuta ya taa, mitungi ya maziwa. Chombo kinachodaiwa kuwa cha lita ishirini anakipima kikiwa kitupu, anakijaza maji safi, anakipima tena, na uzito wa maji unamwambia ujazo. Lakini maji hayana uzito mmoja. Yakipata joto yanapungua uzito. Kwa hiyo lazima ajue joto lake na asome kwenye jedwali. Jedwali lake lilikuwa limebandikwa ukutani ndani ya mfuko wa nailoni, na mistari yake iliruka nyuzi mbili mbili. Majichumvi, aliyoonyeshwa na mpwa wake, ingempa hata nyuzi ishirini na tatu na nusu. Aliifurahia. Kabla ya kuitumia aliipima kwanza.

"Chombo kipya hakiingii kazini humu mpaka nimekipima," alisema. "Na cha kwako kilikuja bila muhuri."

Nilitoa daftari. Nilimweleza kwamba nimelinganisha mara mbili na sikuona kitu.

"Ngoja kwanza na daftari." Alichukua karatasi. "Nipe tofauti."

Nikamsomea. Sifuri, sifuri. Kumi, kumi na nane. Ishirini, thelathini na sita. Thelathini, hamsini na nne. Yaani tarakimu tatu za mwisho, baada ya nukta.

"Unasikia?" akasema. "Kumi na nane, thelathini na sita, hamsini na nne. Inapanda ngazi zilizo sawa. Sasa, ndani ya kanuni yako kuna namba ngapi zinazozidishwa na joto mara moja tu, bila kulizidisha joto kwa lenyewe?"

"Katika sehemu ya maji matupu, moja."

"Basi kosa limelala hapo. Zingekosewa nyingine, ngazi zingepinda." Aligonga kalamu mezani. "Na kumi na nane inagawanyika kwa tisa. Baba yangu alinifunza hivyo nikiwa sijavunja ungo: ukikuta tofauti inayogawanyika kwa tisa, usitafute mwizi, tafuta tarakimu mbili zilizobadilishana viti. Tisa mara mbili ni kumi na nane, kwa hiyo tarakimu hizo zinapishana kwa mbili. Haya, sasa fungua daftari."

Nilifungua. Namba ile ilikuwa hapo, kwa mwandiko wangu: sifuri nukta sifuri, sita, tisa, saba, tatu...

"Tisa na saba," alisema, akiisoma kichwa chini kutoka upande wake wa meza. "Zigeuze."

Nilikuwa na kompyuta yangu ndogo. Nilizigeuza: sita, saba, tisa. Nikaweka nyuzi ishirini na nne, chumvi sifuri. Kwa namba ya zamani programu ilikuwa ikisema 997.343. Sasa ilisema 997.299. Fundi Mwamvita hakutazama kioo changu. Alikwenda ukutani, akaweka kidole kwenye jedwali, akasoma kwa sauti: "Tisa tisa saba, nukta, mbili tisa tisa."

Nilitafuta kanuni ya asili mtandaoni, ile niliyopaswa kuitazama tangu Dodoma. Ilikuwa kama alivyosema. Siku ile ya kunakili, jicho langu liliruka, na toka siku hiyo nilikuwa nalinganisha kosa na kosa lenyewe. Kibaya zaidi, programu ilipokamilika niliijaribu kwa mstari mmoja tu wa kuhakikishia, mstari wa nyuzi sifuri, kwa kuwa ulikuwa wa kwanza kwenye ukurasa. Na kwa nyuzi sifuri, namba inayozidishwa na joto haina la kusema.

Nilikuwa nafikiria majedwali ya Daktari Haji. Maji ya juu ya bahari yetu ni ya nyuzi ishirini na nane, ya chini ni baridi zaidi. Kosa langu liliyaongezea uzito maji ya juu kuliko ya chini, kwa hiyo kwenye majedwali yetu yalionekana yamekaribiana, kana kwamba yanachanganyika kwa urahisi kuliko ilivyo kweli. Tofauti ni makumi machache ya gramu katika mita nzima ya ujazo. Lakini gramu chache ndizo zinazoamua maji yapi yazame na yapi yaelee.

Alhamisi asubuhi Fundi Mwamvita alikuwa na kazi Kwihara, na aliniambia nifuatane naye badala ya kukaa nyumba ya wageni nikijitafuna. Tulikwenda kwa bajaji, mizani kubwa ikiwa katikati yetu kama abiria wa tatu. Kikundi cha warina asali cha hapo kilikuwa na mgogoro na mnunuzi: ndoo aliyowaletea, aliyoiita ya lita ishirini, waliiona haijai.

"Mwangaluka!" alituamkia mama mmoja, mwenyekiti wa kikundi, na fundi akamjibu kwa Kinyamwezi, wakaenda hivyo mpaka wakamaliza habari za nyumbani, za shamba na za mvua. Kisha kazi ikaanza, na hapo ndipo nilipomwona fundi kweli.

Alipima ndoo tupu. Aliiweka juu ya ubao, akatumia pimamaji kuhakikisha haikuinama. Aliijaza maji ya kisima yaliyochujwa, na yalipofika ukingoni alitelezesha kioo bapa juu yake ili maji yaliyovimba yamwagike na hewa isibaki hata kiputo. Alipangusa ndoo nje kwa upole, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Alipima joto, akaandika. Alipima uzito, akaandika. Alimwaga, akarudia. Mara tatu. Watu wote wa kikundi walikuwa wamemzunguka, na mnunuzi, kijana mwenye saa kubwa mkononi, alikuwa ameacha kuchezea simu.

"Ishirini na moja kasoro kidogo," alisema mwisho. "Si ndoo ya ishirini."

Mnunuzi alianza kusema kwamba yeye aliinunua hivyo hivyo, hakujua. Fundi alimkatiza bila ukali. "Sijasema umeiba, baba. Nimesema inachukua kiasi gani. Sasa mnajua wote, mkubaliane." Alikwangua alama ndani ya ndoo pale lita ishirini zinapoishia. Mnunuzi aliitazama, akamtazama mwenyekiti, akasema sawa. Nilihesabu maneno aliyotumia fundi kumaliza ugomvi wa msimu mzima. Hayakuzidi pumzi mbili.

Tukiwa tunangoja bajaji irudi, tukila ugali na uyoga wa porini, nilimwuliza swali lililokuwa likinisumbua toka jana.

"Dada Mwamvita, kwa ndoo kama hii, kosa langu linafika gramu moja?"

"Halifiki."

"Mizani yako inaiona?"

"Haiioni kabisa. Kwangu mimi programu yako ilikuwa nzuri hata na kosa lake."

"Sasa kwa nini ulihangaika kuniandikia? Tena mara mbili, na mimi nimekujibu vile?"

Alimeza tonge kwanza. "Kwa sababu programu haikutengenezwa kwa ajili ya ndoo. Nilijua yuko mtu mahali fulani, simjui, ambaye kwake hiyo hamsini na nne ni kubwa. Yeye ataiamini, na hatakuwa na jedwali ukutani."

Kisha akaniuliza kama ningependa kuumalizia uyoga. Mtu huyo asiyemjua nilikuwa mimi, nimekaa mbele yake na mkono umejaa ugali.

Jioni hiyo nilimpigia Daktari Haji. Simu haikupatikana, alikuwa baharini. Nilimtumia ujumbe: "Tafadhali majedwali yasiondoke. Nimepata kosa. Ni langu. Nitaeleza nikirudi." Nikakaa nikiutazama mpaka ukaonyesha umekwenda.

Ijumaa saa mbili asubuhi Mwalimu Deogratias alinifuata kwa pikipiki. Ni mtu wa Ulyankulu, wazazi wake walitoka Burundi wakalima huko, na ana ile tabia ya watu waliokulia mashambani ya kukuuliza umelalaje na kusubiri jibu. Njiani kwenda Isikizya nilimwambia ukweli: programu aliyonialika kuionyesha ina kosa, nimelijua juzi, na walimu wake wanayo kwenye simu.

Alipunguza mwendo. "Unataka tuiahirishe?"

"Nataka niseme mbele yao."

"Basi sema mwanzoni," alisema, akakaza tena mwendo. "Ukisema mwishoni watakuwa wameshaandika."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya kuanzia kuhusu bahari, nikayaacha. Niliwaomba watoe simu, wafungue Majichumvi, waweke chumvi sifuri na watafute kwa nyuzi ngapi maji yanakuwa mazito kupita yote. Kila mwalimu wa sayansi anajua jibu ni karibu nyuzi nne. Wanalifundisha kila mwaka. Vidole vikaenda. Baada ya dakika chache mwalimu mmoja wa kike, nyuma kabisa, aliinua mkono.

"Madamu, yangu inasema nne nukta moja. Kitabu kinasema tatu nukta tisa nane. Ni simu yangu?"

"Si simu yako," nikasema. "Ni mimi."

Niliwaeleza yote, tangu daftari hadi kibanda cha nyuma ya soko. Sikuficha lile jibu nililompa fundi. Mwalimu mmoja mzee kidogo akauliza, si kwa kejeli, "Miaka mitatu yote hiyo, hakuna aliyejaribu maji ya kisima?"

"Hakuna. Sisi wa pwani maji ya kisima tunakunywa tu."

Walicheka, na kicheko kile kilinifungua kifua. Tukafanya semina tofauti na niliyoiandaa. Mwalimu Deogratias aliandika ubaoni zile ngazi tatu, kumi na nane, thelathini na sita, hamsini na nne, bila kusema kosa liko wapi, na walimu wakalitafuta wenyewe kwa makundi. Kundi la yule mwalimu wa nyuma lililipata kwanza. Kabla ya chakula cha mchana kila simu mle ndani ilikuwa na toleo jipya, na kila mwalimu alikuwa amelipima kwa mikono yake kabla ya kuliamini, jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimelifanya.

Jumamosi asubuhi nilipitia kibandani kuaga. Fundi Mwamvita alikuwa na mteja, muuza nyama aliyekuwa akilalamikia mizani yake, kwa hiyo tuliagana kwa kifupi. Alinipa chupa ya asali, nikampa mkono wangu, akaushika kwa miwili.

"Wasalimie wa baharini," alisema, akamgeukia muuza nyama.

Njia ya kurudi ilikuwa ileile, lakini nilisoma muda wote. Nilikuwa nimepakua kanuni zote kutoka chanzo chake, na kuanzia Itigi hadi Dodoma, na kesho yake kuanzia Dodoma hadi Chalinze, nilipitia kila namba ya programu: za uzito, za joto, za mwendo wa sauti, za kuganda. Sikupata kosa jingine. Hilo lilinipa nafuu, ila si ile nafuu ya zamani. Nilikuwa nimejifunza kwamba jicho lililokosea mara ya kwanza halifai kuwa shahidi wa pekee wa mara ya pili, na kwamba chombo kipimwe hata kule ambako mwenyewe huna haja nacho, maana huko ndiko kosa linakokaa bila kusumbuliwa. Lakini zaidi ya yote nilijifunza kwamba uangalifu ni heshima ambayo mtu humpa asiyemjua.

Jumatatu nilifika ofisini mapema. Daktari Haji alikuwa tayari mezani kwake, majedwali ya miaka mitatu yamefungwa kwa kamba mbele yake. Hayakuwa yameondoka. Nilisimama mlangoni nikaeleza, bila kujitetea: namba gani, tangu lini, nani aliyeiona, inaharibu nini, na itanichukua siku ngapi kukokotoa upya. Nilijitayarisha kwa hasira yake.

Alivuta droo ya chini, akapekua, akatoa daftari jembamba lililochakaa kona. Zilikuwa namba za kusahihishia chombo tunachokishusha baharini, zile ambazo kila kipimo chetu hupitia kabla hata hakijafika kwenye programu yangu. Mwandiko ulikuwa wake.

"Hizi nilizinakili peke yangu," alisema. "Toka siku hiyo hakuna aliyezitazama."

Alifungua kitabu cha chombo mbele yake, akanisogezea daftari, na kwa mguu akanisukumia kiti.

"Kaa, Rehema. Nisomee. Polepole, tarakimu moja moja."